Inboksi ya Rufiji: Wasiotajwa Waliochuja Kazi za Wilaya Kabla Gmail Haijazaliwa

Wadau, hebu fungua imeili yako sasa hivi. Usiangalie kingine, angalia ile namba nyekundu tu. Elfu mbili? Elfu nne? Humo ndani kuna ofa za viatu, kuna benki, kuna mtu wa LinkedIn usiyemjua, halafu katikati ya uchafu wote huo kuna ujumbe mmoja wa maana kweli, wa kazi au wa mgonjwa, na umeupita mara tatu bila kuuona.

Ndiyo maana wakaweka filta. Ndiyo maana kuna lebo za rangi, kuna nyota, kuna kalenda inayokukumbusha kikao nusu saa kabla. Microsoft walitoa Outlook 97 mwaka 1997, wakaweka barua, kalenda na orodha ya kazi ndani ya programu moja. Gmail ikaja tarehe 1 Aprili 2004, na watu wengi wakajua ni utani wa Siku ya Wajinga.

Sasa katikati ya miaka hiyo miwili, kama kilometa 130 kusini mwa Dar, kuna wilaya ilikuwa na inboksi iliyojaa kuliko yako. Ilikuwa Rufiji, enzi hizo Kibiti ikiwa bado ndani yake, kabla haijakatwa ikawa wilaya inayojitegemea katikati ya miaka ya 2010. Na ujumbe uliokuwa unapitwa kule haukuwa wa ofa ya viatu. Ilikuwa vifo vya watoto.

Stori hii haina staa. Waliofanya kazi yenyewe wengi hawatajwi: vijana waliotembea na madodoso, akina mama waliokaa mkekani wakaulizwa maswali magumu kuliko yote, na maofisa wa wilaya ambao hata picha zao huzioni Google.

MEZA YA MGANGA MKUU

Jaribu kuiona ofisi ya afya ya wilaya Utete, mwaka 1995 hivi. Utete iko kusini mwa mto Rufiji. Kibiti, Bungu na Ikwiriri ziko kaskazini. Daraja la Mkapa halipo, limekuja kufunguliwa 2003. Kabla ya hapo kwa barabara ya kusini ilikuwa ni kivuko cha Ndundu, na masika ikichanganya gari linaweza kulala njiani siku kadhaa, abiria wanakula mihogo ya wenyeji. Simu za mkononi bado ni hadithi ya watu wa Dar.

Juu ya meza ya Mganga Mkuu wa Wilaya kuna nini? Kuna mpango wa chanjo unataka ripoti yake. Mpango wa kifua kikuu una fomu zake. Ukimwi una fomu zake, uzazi wa mpango zake, ukoma zake. Kila mfadhili ana kalenda yake, semina yake, na tarehe yake ya mwisho ambayo haijui kwamba kuna mfadhili mwingine ana tarehe ile ile. Zahanati moja inalia haina dawa, nyingine paa limeezuliwa, pikipiki imeharibika, mshahara umechelewa. Diwani naye anakuja na la kwake.

Hapo kila kitu kina alama ya dharura. Na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua, kila kitu kikiwa dharura unaishia kumjibu anayepiga kelele zaidi. Bajeti nayo ilikuwa inaandikwa kwa mtindo ule wa kuchukua ya mwaka jana, unaongeza kidogo hapa, unapunguza kidogo pale, unapeleka.

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti kubwa kuhusu afya iliyosema, kwa lugha nyepesi, kwamba nchi maskini zinaweza kuokoa maisha mengi kwa pesa kidogo kama pesa hiyo itafuata magonjwa yanayoua zaidi na tiba zinazofanya kazi zaidi. Maneno matamu kwenye makaratasi. Wakanada kupitia shirika lao la utafiti wa maendeleo, IDRC, wakakaa na Wizara ya Afya ya Tanzania wakasema tuijaribu kweli, kwenye wilaya za kweli zenye matope ya kweli. Mradi ukaitwa TEHIP. Wilaya zilizochaguliwa mbili: Morogoro Vijijini na Rufiji. Ukaanza kufanya kazi katikati ya miaka ya tisini, ukafungwa 2004.

Ofa yenyewe ilikuwa hivi: wilaya zitaongezewa hadi dola 2 kwa kila mwananchi kwa mwaka. Lakini kwanza zijue kwa ushahidi kwamba watu wao wanakufa kwa nini.

Na hapo ndipo tatizo lilipo. Hakuna aliyekuwa anajua.

VIJANA WA DODOSO

Unaweza kushangaa, itakuwaje wilaya isijue watu wake wanakufa kwa nini? Simple tu. Hospitali inahesabu waliofika hospitali. Vijijini wengi walikuwa wanafia nyumbani, wanaoshwa, wanasaliwa, wanazikwa siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi, na hakuna karatasi hata moja inayoandikwa. Ukitegemea daftari la hospitali peke yake ni sawa na mtu anayesoma imeili zilizofunguka tu, zile zilizoenda kwenye spamu hajui hata kama zipo.

Kwa hiyo mwishoni mwa 1998 ikaanza kazi ya kuhesabu kaya moja moja, upande wa kaskazini wa mto, kituo chake kikiwa Ikwiriri. Watu kama elfu 85. Kila kaya ikapewa namba, kila mtu ndani ya kaya akapewa namba. Halafu, na hii ndiyo sehemu inayochosha hata kuisoma, wakarudi. Kila baada ya miezi minne wadadisi walikuwa wanarudi kwenye nyumba zile zile na maswali yale yale: nani amezaliwa, nani amehamia, nani ameondoka, nani ameolewa, nani amefariki. Mara tatu kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka. Ongea kuhusu kazi ya kujirudia kwenye kalenda!

Na kalenda ya Rufiji si mchezo. Watu wa bonde la mto wana maisha ya sehemu mbili. Kuna nyumba ya kijijini juu, kwenye mchanga, ambako wengi walihamishiwa baada ya mafuriko ya 1968 kwenye Operesheni Rufiji, na kuna shamba la bondeni ambako ndiko kwenye udongo wa kweli. Mpunga unapandwa kabla mto haujapanda. Maji yakishuka, watu wanapanda mahindi kwenye unyevunyevu uliobaki, kilimo wanachokiita mlao. Msimu wa mazao kukomaa, familia nzima inahamia bondeni, inalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, kulinda nguruwe pori, nyani na ndege wasimalize kila kitu. Mdadisi anafika kijijini na ratiba yake nzuri, anakuta mlango umefungwa. Inabidi aulize jirani, aende huko huko shambani, au arudi tena.

Halafu kuna suala la tarehe. Mtu anaulizwa mtoto alizaliwa lini, anajibu "wakati wa mafuriko makubwa". Sawa, lakini yapi? Ndiyo maana kwenye kazi za sensa huwa kunakuwa na kalenda ya matukio: mvua za El Niño za 1997 na 1998, mwezi wa Ramadhani, kuvuna mpunga, uchaguzi. Unamsogeza mtu taratibu kutoka tukio hadi tukio mpaka mnafika kwenye mwezi. Hii si ujinga wa mtu wa kijijini kama wengine wanavyopenda kucheka mitandaoni. Pwani watu wana kalenda kibao kichwani kwa wakati mmoja. Saa inaanza kuhesabiwa jua likichomoza, kwa hiyo simu inasema 7:00 wewe unasema saa moja. Wiki inaanza Jumamosi, ndiyo maana jina lake lina "mosi". Miezi ya mwandamo inahesabiwa kuanzia baada ya mfungo: mfungo mosi, mfungo pili, mfungo tatu. Na mabaharia na wakulima wa zamani walikuwa na mwaka wa jua uliogawanywa kwa miongo, siku kumi kumi, unaoanza na Nairuzi. Google Calendar ingepasuka kichwa.

Ukishuka kwenye delta yenyewe, Salale, Mbwera, Kiomboni huko, kalenda inayotawala ni maji. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku muda unasogea mbele karibu dakika 50. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu ni bamvua, maji yanajaa hadi kwenye mikoko ya ndani na kupwa hadi mitumbwi inakaa juu ya tope. Kati kati yake ni maji mafu. Huwezi kuseti kikao cha saa nne kila Jumanne kwenye delta. Jumanne hii saa nne kuna maji, Jumanne ijayo saa nne hiyo hiyo mtumbwi umekwama. Mama mwenye mtoto anayeungua homa kwenye kisiwa haangalii saa, anaangalia maji, na kama yamepwa anasubiri. Mwaka 1914 na 1915 hata jeshi la majini la Uingereza lilisubiri maji hapo hapo. Meli ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta miezi kadhaa, na wenyewe waliizamisha Julai 11, 1915 baada ya Waingereza kuleta meli maalumu zinazoelea kwenye kina kifupi. Manowari zenye mizinga mikubwa zilikuwa zinakaa nje zinasubiri, sawa na yule mama.

Turudi kwenye madodoso.

MASWALI YA MKEKANI

Kifo kikitokea, taarifa inafika kwa mtu wa kijijini aliyepewa kazi hiyo, naye anaipeleka mbele. Muda wa msiba ukishapita, anakuja mdadisi mwingine, aliyefundishwa kazi ya peke yake: kukaa na ndugu wa marehemu, mara nyingi mama mzazi, na kuuliza kilichotokea siku za mwisho. Homa ilianza lini? Alikuwa anapumua haraka? Kifua kilikuwa kinabonyea ndani? Alikuwa anaharisha, mara ngapi, kulikuwa na damu? Alipata degedege? Mlimpeleka wapi kwanza? Baadaye wapi? Kwa usafiri gani?

Fikiria kazi hiyo. Unaingia nyumba ya watu uliopita miezi minne nyuma ukaandika jina la mtoto kwenye fomu, umerudi kuandika alivyokufa. Huna dawa mkononi, huna pole ya pesa. Una kalamu. Na yule mama anakujibu, swali moja hadi jingine, akijua kwamba majibu yake hayamrudishii mtu. Watu hao wote wawili hawana majina kwenye ripoti yoyote. Wamebaki kuwa namba ya kaya.

Fomu ile ilikuwa inasomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, kila mmoja anaandika chanzo anachokiona. Wakipishana anaitwa wa tatu. Halafu inaingia kwenye kompyuta. Ukijumlisha maelfu ya kurasa za namna hiyo, unapata kitu ambacho wilaya nyingi za Tanzania zilikuwa hazina: picha ya kweli ya nini kinaua nyumbani kwao.

KUGEUZA RUNDO KUWA PICHA MOJA

Lakini data nayo inaweza kuwa uchafu mwingine wa inboksi. Ungempelekea Mganga Mkuu wa Wilaya kitabu cha takwimu cha kurasa mia mbili, angekiweka chini ya rundo lililokuwepo. Na hapa ndipo watu wa mradi walipocheza kama Pele.

Wakatengeneza zana ya kompyuta ya kugeuza data hizo kuwa michoro michache ya mistari minene. Ujanja wenyewe uko hapa: hawakupanga kwa majina ya magonjwa kama kamusi. Walipanga kwa kazi ya kufanya. Mstari mmoja unaonyesha mzigo wote unaoweza kupunguzwa kwa kuwatibu watoto vizuri kwenye zahanati. Mwingine unaonyesha unaoweza kupunguzwa na vyandarua. Mwingine uzazi salama, mwingine chanjo, mwingine tiba ya kifua kikuu. Yaani si "una tatizo gani" bali "ukifanya kitu hiki, unapunguza kiasi gani cha msiba". Zana nyingine ilichukua bajeti ya wilaya na kuichora kwa mtindo huo huo. Unaweka michoro miwili pamoja mezani. Huu mzigo wa magonjwa, huu mkoba wa pesa. Vimelingana?

Havikulingana hata kidogo. Wilaya mwenza, Morogoro Vijijini, malaria ilikuwa inakula kama asilimia 30 ya miaka yote ya maisha iliyokuwa inapotea, na kwenye bajeti ilikuwa inapata kama asilimia 5. Hakuna mtu aliyekaa kikao akaamua malaria isipewe pesa. Ni rundo tu. Malaria haina mfadhili anayepiga simu kila Ijumaa kuulizia ripoti yake. Ilikuwa ya kawaida mno, homa tu bana, kila mtu ameshaugua, mpaka ikawa haionekani.

Kama unataka kujua kelele zinavyodanganya, angalia kilichotokea Rufiji miaka hiyo hiyo. Kati ya 2002 na 2004 simba mmoja, watu wakamwita Osama, aliua zaidi ya watu 30 kwenye vijiji vya wilaya hiyo. Wengine walivutwa kutoka kwenye madungu yale yale ya kulindia mpunga. Alipouawa Aprili 2004, mwezi ule ule Gmail ilipotangazwa, alikutwa na jipu kubwa kwenye gego, pengine maumivu ndiyo yaliyomfanya awinde binadamu, nyama laini. Magazeti ya dunia yaliandika. Vizuri, ni habari, na familia zile ziliumia kweli, mtu asije akapima msiba wa mwenzake kwa rula. Ila miezi hiyo hiyo mbu wa Rufiji walikuwa wanafanya kazi kila usiku kimya kimya, na hakuna gazeti la London lililowapa mbu hao jina.

Basi timu ya wilaya ikaanza kuhamisha pesa. Sehemu kubwa ikaenda kwenye malaria na magonjwa ya watoto. Wahudumu wa zahanati wakafundishwa mtindo mpya wa kumwangalia mtoto, ambao ukiuona leo utacheka kwa sababu ni lebo za rangi kabisa. Kitabu chenye chati: mtoto hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea hazinduki, huyo ni rangi ya waridi, anakimbizwa hospitali sasa hivi. Njano, atibiwe hapo hapo zahanati. Kijani, mama afundishwe, arudi nyumbani. Mtoto aliyeletwa kwa kuharisha anaangaliwa na homa, na kikohozi, na uzito, na chanjo, hata kama mama hakusema. Mhudumu hasubiri apigiwe kelele.

Na usimamizi nao ukachujwa. Zamani kila zahanati ilikuwa inasubiri watu wa Utete wavuke mto waje kukagua, na kama mafuta hayapo au mto umefurika, basi mpaka Mungu apende. Wakagawa wilaya kwa mafungu, kila kituo cha afya kikapewa zahanati zake za kulea. Wakaweka redio koli, watu wakawa wanaongea. Pikipiki kwa wasimamizi. Dogo la kituo cha afya linaishia hapo hapo kituoni, kubwa tu ndilo linapanda hadi wilayani. Ukielewa hapo umeelewa filta yoyote ya imeili, hauhitaji kozi.

Kitu cha kuchekesha kidogo: zile dola 2 kwa kila mtu hazikuisha. Wilaya zilikuta zinaweza kutumia kwa maana senti kama 80 tu. Tatizo kubwa halikuwa pesa peke yake, ilikuwa pesa haijui iende wapi.

JE, ILIFANYA KAZI?

Ndani ya miaka michache, vifo vya watoto chini ya miaka mitano kwenye eneo lililokuwa linahesabiwa Rufiji vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Wale waliopenda mradi walizitangaza namba hizo dunia nzima.

Ila ukweli usemwe wote. Miaka hiyo hiyo vyandarua vilikuwa vinasambaa nchi nzima, matone ya vitamini A yakaanza kugawiwa kwa kampeni, na vifo vya watoto vilikuwa vinashuka hata sehemu ambazo hazikuwa na mradi. Watafiti walipolinganisha Rufiji na Morogoro Vijijini kwa upande mmoja, na Kilombero na Ulanga kwa upande mwingine, wakachapisha matokeo yao 2004 kwenye jarida la Lancet: wilaya zenye ule mtindo mpya wa kutibu watoto zilikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 13, na hata hiyo si tofauti ambayo unaweza kuapa nayo. Kwa hiyo mtu akikwambia grafu za kompyuta ndizo zilizookoa watoto wote hao, anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kuna sehemu yake, kubwa kiasi gani, hiyo ndiyo hesabu ya kubishania.

Na kuna jingine ambalo ripoti za kusifia huwa zinalipita haraka. Filta inaona kile kilichoingizwa tu. Kaya zilizokuwa zinahesabiwa zilikuwa za nchi kavu, kaskazini mwa mto, sehemu zinazofikika kwa baiskeli na pikipiki. Yule mama wa kisiwani anayesubiri maji yajae hakuwa na mdadisi wa kumfuata kila miezi minne. Wilaya ilichukulia kwamba picha ya Ikwiriri na Bungu ndiyo picha ya wote. Labda ilikaribia ukweli. Lakini kwenye delta kinachoua si ugonjwa peke yake, ni umbali na maji, na hivyo havikuwa na mstari kwenye mchoro. Zamani mikoko ya delta hii Wajerumani waliihesabu na kuiwekea sheria tangu 1898, kabla hata ya mtu kufikiria kuhesabu watoto wanaokufa chini ya mikoko hiyo.

Jambo la mwisho, na pengine ndilo zito kuliko yote, limetoka kwenye yale maswali ya mkekani.

Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliamini kwamba watoto wanakufa kwa degedege kwa sababu mama wa pwani anaanzia kwa mganga wa kienyeji. Anaambiwa ni shetani, anafusha ubani, mtoto anachelewa. Semina ngapi zimefanyika kuhusu hilo! Mabango mangapi! Hiyo nayo ilikuwa filta, iliyokaa vichwani mwa wakubwa: lawama zote zikija, zinakwenda moja kwa moja kwenye lebo ya "mila potofu".

Halafu fomu za Rufiji za 1999 hadi 2001 zikafunguliwa, za waliokufa kwa malaria, zikahesabiwa moja moja. Karibu wanane kati ya kumi walikuwa wamekimbilia tiba ya kisasa. Zahanati, kituo cha afya, duka la dawa. Hata kwenye zile zenye degedege, wengi walifika. Akina mama walikuwa wamefanya walichoambiwa wafanye. Walibeba watoto mgongoni, wakapanda baiskeli za kukodi, wakapanga foleni.

Na walichokuwa wanapewa pale dirishani mara nyingi ilikuwa klorokwini, dawa ambayo vijidudu vya malaria vilikuwa vimeshaizoea sehemu kubwa ya nchi. Serikali iliiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria Agosti 2001 na kuweka SP, halafu SP nayo ikachoka, dawa mseto ikaingia mwishoni mwa 2006.

Kama una shangazi au mjomba wa Ikwiriri, Bungu au Kibiti aliyewahi kuzunguka na madodoso yale miaka hiyo, mpe simu asome, halafu adondoshe komenti hapo chini. Jina si lazima.